Mwaka wa Filimbi

Mwaka 2015 niliitwa Mbarara pamoja na walimu wakuu wengine wa shule za msingi, kufundishwa namna ya kuongoza watoto waliotoka vitani. Nilicheka kidogo nilipopata barua, kwa sababu mimi mwenyewe nilitoka vitani na watoto wa namna hiyo nimelala nao kwenye mkeka mmoja, lakini nilikwenda. Shule yangu ndogo ya kanisa kule Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, haipati mialiko mingi, na chakula cha Mbarara sijawahi kukikataa. Walitukalisha katika ukumbi wa kukodi mtaa wa Nyamitanga, kwenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na tepe za zambarau. Bila shaka vilikuwa vimetoka kwenye harusi ya Jumamosi. Mwezeshaji wa asubuhi alipoingia nilimtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso. Alikuwa Master Kamugisha, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi miaka kumi na miwili kabla ya siku ile. Mvi zilikuwa zimemjaa, tumbo limemtangulia, na tai ya bluu imelala juu yake. Akatusalimia, akasema atatufundisha kwa kisa cha kweli.

Akasimulia habari za msichana mmoja mkimbizi katika shule aliyoiongoza zamani, ambaye kila filimbi ilipopulizwa alitoroka. Walimu walitaka kumchapa. Yeye akawaambia hapana, tumwite mama yake tumsikilize. Mama akaja, akaeleza, na kiongozi mwenye utu akavua filimbi shingoni, akaifungia kabatini. Mtoto akatulia, akasoma. Watu wakapiga makofi, na mwalimu aliyekaa kando yangu akajifuta jicho. Mimi nilikuwa nimeuma meno mpaka taya zinaniuma. Uongo ule ningeuvumilia, nimekula chumvi ya kutosha kujua wakubwa wanavyosimulia mambo yao. Kilichonikaba ni sentensi moja aliyoipenyeza katikati kwa sauti ya upole, kwamba mama alikuwa amemfundisha binti yake asitoke mafichoni mpaka yeye mwenyewe amwite kwa jina. Sentensi hiyo ilisemwa mbele yake mara moja tu, kwa Kiswahili cha kwetu cha Kongo, na mtu aliyelipwa kumtafsiria ni mimi. Sikuitafsiri. Kwa miaka kumi na miwili nilijilaumu kwamba msichana yule, Neema, alifukuzwa shule kwa sababu mwalimu mkuu hakuambiwa. Sasa mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yetu anaisema, karibu neno kwa neno.

Habari za ukoo wangu na njia tuliyopita kutoka Kivu Kusini sitaziandika hapa. Zimeandikwa kwenye mafaili mengi, kila ofisi kwa mwandiko wake. Nataka kuandika mwaka 2003 peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimesoma sekondari Mbarara kwa miaka mitatu kabla karo haijanishinda, na Kiingereza kile cha miaka mitatu kiliniletea kazi ya msaidizi wa darasa katika shule moja ya Nakivale. Walimu walikuwa Waganda, wengi wao watu wa Ankole, na watoto walikuwa wetu. Mwalimu anasema, mimi natafsiri; mtoto anajibu, natafsiri tena. Siku nyingine kutwa nzima sikusema neno langu mwenyewe hata moja. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa na sketi mbili tu za kwenda kazini, nazo nilizipiga pasi ya mkaa kila jioni kama mke wa gavana.

Chumba cha walimu kilikuwa cha mabati, kirefu na chembamba, na ofisi ya mwalimu mkuu ilitengwa humo humo kwa ukuta wa mafunjo yaliyokatwa ziwani. Mafunjo hayazuii sauti. Tulimsikia akikohoa, akifungua droo, akimenya ndizi. Sisi wasaidizi tulikuwa na benchi letu karibu na mlango, mbali na meza. Saa sita mpishi, mzee wa kwetu Fizi tuliyemwita Papa Lwabo, alituletea posho na maharage, walimu kwenye sahani na wasaidizi kwenye mabakuli ya plastiki. Nakumbuka siku moja alivyoiweka posho mezani akasema, "Hii bugali leo ni ngumu sana. Munaweza kuijengea nyumba, na mwenye nyumba hatahama." Sisi wa kwenye benchi tulicheka. Walimu walitutazama tu, hawakuelewa. Lakini nyuma ya mafunjo mtu mwingine alicheka pia, kicheko kifupi cha puani, kisha akanyamaza. Nilikisikia kicheko kile na sikukitia maanani. Nimekifikiria sana tangu nirudi kutoka Nyamitanga.

Mpaka mwanzo wa mwaka ule shule iliitwa kwa chuma. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na mtoto wa zamu aliigonga kwa nati kubwa, ngaa, ngaa, ngaa, na watoto wakaja mbio kutoka kila upande. Kisha Master Kamugisha akahamishiwa kwetu. Alikuja na viatu vinavyong'aa, fimbo ya mpera, na filimbi ya chuma yenye kamba nyekundu shingoni. Siku ya kwanza alituita wote uwanjani akasema kwa Kiingereza kwamba shule aliyoikuta ni soko la mbuzi, na kwamba kuanzia kesho saa mbili kamili filimbi ikilia kila mtoto awe mstarini. Nikatafsiri. Nilitafsiri hata mbuzi, kwa ukamilifu.

Kesho yake saa mbili alipuliza. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa darasa la sita. Sijui nieleze vipi. Miguu yangu iligeuka kabla mimi sijaamua kitu. Nilikuwa nimeshaelekea shamba la mahindi, na kilichonishika ni mkono wangu, ambao ulikuwa umeng'ang'ania mwimo wa mlango. Nilipotazama uwanjani nikaona mstari unavunjika. Watoto waliozaliwa kambini walikuwa wamesimama wanashangaa. Waliokuja karibuni, kutoka vijiji vya milimani kwetu, walikimbia. Kumi na mmoja. Hawakupiga kelele, ndilo jambo ambalo hakuna mwalimu aliyejiuliza. Mtoto mtoro hucheka, huitana na wenzake. Hawa walikwenda kimya wakalala kwenye mahindi. Kule kwetu kila mtu mwenye miaka zaidi ya minne alijua sababu. Mimi nilijua. Waliporudishwa, Master Kamugisha aliwachapa viboko vitatu vitatu akaniambia, kwa Kiswahili kile alichokuwa akikitumia kutuamuru sisi, "Madam, ambia wao. Hii si pori. Hapa iko sheria." Nikawaambia. Hata leo siamini jinsi sauti yangu ilivyokuwa safi.

Wiki mbili hazikupita, kumi kati yao wakawa wameacha kukimbia. Chumba cha walimu kilifurahi. "Mnaona?" mwalimu mmoja alisema akichovya chapati kwenye chai. "Hawa wanataka mkono tu." Hakuna aliyesema kwamba wawili kati ya hao kumi walikuwa wakijikojolea mstarini kila asubuhi, na kwamba mmoja alikuwa ameanza kushikwa na kigugumizi. Waliandikwa kwenye ripoti kuwa wamenyooka. Siku hizi nikienda semina nasikia maneno marefu juu ya majeraha ya moyo na mwili unaokumbuka, na ni maneno mazuri, siyabezi. Lakini nakasirika yanapoletwa kama dawa mpya kutoka mbali. Mwanamke wa madarasa mawili, anayelima muhogo, alikuja akatueleza yote bure, kwa Kiswahili, na alikuwa na wasikilizaji sita. Huyo ni Mama Neema.

Neema ndiye mtoto wa kumi na moja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, shingo nyembamba, wa kwanza kwa hesabu darasa la sita. Madam Jovia, mwalimu wake, alikuwa akimpa madaftari ya wenzake ayasahihishe, na alisema mbele yangu kwamba huyu ndiye atakayeipatia shule jina kwenye mtihani wa darasa la saba. Akili ile yote haikumsaidia kitu kwa filimbi. Alijaribu. Nilimwona asubuhi akija mapema, akishika mkono wa msichana wa mbele, midomo inatembea, anahesabu. Filimbi ikilia mkono unaachia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mahindi, akalala kifudifudi, na hata ukimwita "Neema, toka, ni mimi" hatoki. Mara ya kwanza nilidhani ni ukaidi kweli, kwa sababu wenzake walitoka walipoitwa. Ilibidi mtu aende nyumbani kwao, robo saa kwa miguu, mama yake aache jembe aje asimame pembeni ya shamba na kusema "Neema" mara moja, bila kupaza sauti. Anatoka hapo hapo, anajipangusa udongo, anaingia darasani na kunyoosha kidole kwa swali la hesabu. Kisha anaitwa ofisini kuchapwa.

Madam Jovia alijua pia, ninavyoamini. Siku moja nilimsikia nyuma ya mafunjo akimwambia Master Kamugisha kwa Kiingereza, "Sir, kwani chuma kile kilikuwa na ubaya gani?" Akajibiwa kwamba shule si gereji. Akatoka amefunga mdomo, akaketi, akapaka siagi kwenye mkate wake mpaka pembe zote nne. Hakuuliza tena. Na mimi sikuuliza hata hiyo mara moja.

Mwezi wa sita wageni wawili walikuja kukagua shule. Mbuzi alichinjwa, matoke yakaletwa kutoka nje ya kambi, uwanja ukafagiliwa mpaka vumbi likaisha. Master Kamugisha alitaka kuwaonyesha mstari wake. Akapuliza, na watoto mia tatu wakasimama kama misumari, na Neema akakimbia. Alipita katikati ya wageni wale wawili. Mmoja aliangusha miwani. Hapo ndipo ilipoamuliwa kuwa mama yake aitwe siku ile ile, wageni wakiwepo, ili jambo limalizwe na liandikwe kwenye kitabu cha mikutano.

Kabla ya mkutano Master Kamugisha aliniita upande wake wa mafunjo. Mezani kulikuwa na karatasi yenye majina yetu wasaidizi, sisi tisa. Hakuiashiria, aliigeuza tu ili niisome bila kuinamisha kichwa. "Madam," alisema, "mwezi ya kesho wasaidizi watabaki sita. Mimi napenda mtu ya kusaidia shule. Wageni wamechoka, wanataka kula. Tafsiri fupi fupi." Nikasema ndiyo, sir. Harufu ya mbuzi ilikuwa inaingia kutoka jikoni, na sitadanganya, nilikuwa na njaa. Nimekwisha kujiuliza kama ningekuwa nimeshiba ningekuwa na ujasiri zaidi. Sidhani.

Mama Neema alikuja na udongo kwenye miguu, amejifunga kitenge safi juu ya kile cha shamba. Alikataa kiti. Wakamwambia kupitia kwangu kwamba mtoto wake ameshindikana, je, ana la kusema. Akasema, na nayaandika hapa yote kwa sababu sijayasahau hata moja:

"Bwana Direkteri, mie niko mama ya Neema. Uyu mutoto hana kichwa ngumu. Ni mie nilimufundisha kukimbia. Kule kwetu ku milima balinzi balikuwa na sifle, kama hii yako. Bakiona batu ba bunduki banakuya, banapiga sifle, na bote tunaingia mu pori. Nilimuambiaka Neema: ukisikia sifle, usinitafute, usibebe kitu, usiangalie nyuma. Kimbia, lala chini, nyamaza. Usitoke mpaka nikuite jina yako mie mwenyewe, juu bale batu banajua kuita pia, banaita batoto na sauti muzuri. Ile siku Neema alifanya vile nilisema. Mudogo wake Baraka alirudia kiatu. Neema iko hapa. Baraka haiko. Sasa nimuambie nini, aache kusikia mama yake? Kama ni fimbo, munipige mie, ni mie mwalimu wa ile mambo. Ninaomba kitu moja tu. Mugonge ile chuma ya zamani. Chuma anaisikia muzuri, anakuya mbio."

Mgeni mmoja alikuwa anatazama saa. Kalamu ya katibu ilikuwa juu ya kitabu inangoja. Wote wakanigeukia, na nikasema kwa Kiingereza: "Anaomba radhi. Anasema mtoto amesumbuliwa na vita. Atazungumza naye." Ndiyo hayo tu. Katibu akaandika. Master Kamugisha alinitazama, kisha akamtazama yule mama, kisha akatazama meza, na kwa muda mfupi nikadhani ataniambia nirudie. Hakuniambia. Akasema kwamba shule haiwezi kubeba mtoto asiyetii, na kwamba Neema akae nyumbani mpaka atakapojirekebisha. Nikatafsiri hiyo, na hiyo niliitafsiri nzima. Wageni wakaenda kunawa mikono.

Mama Neema alinisubiri nje. "Mwalimu, basemaka nini juu ya ile chuma?" aliniuliza. Nikamjibu, "Wamesema watafikiria, mama." Akanishukuru. Akaniita mwanangu, akashika njia ya kwao na binti yake nyuma, na binti yule alikuwa bado ameshika daftari la hesabu. Mimi nikarudi kwenye benchi, nikala mbuzi. Mwezi uliofuata wasaidizi walibaki sita na nilikuwa mmoja wao. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti kilichosema kwamba mimi ni mtu wa ushirikiano mwema. Filimbi ililia kila asubuhi mpaka Master Kamugisha alipohamishwa, akaondoka nayo shingoni. Neema hakurudi. Shule nyingine ilikuwa mwendo wa saa mbili, na wakati huo mama yake hakuthubutu kumwacha aende mbali peke yake.

Nilibaki kwenye ualimu kwa sababu ya aibu, ukweli ndio huo. Nilisoma kozi za likizo, nikapata vyeti vyangu kimoja kimoja, na kanisa liliponipa shule jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta rimu ya lori. Hakuna fimbo shuleni kwangu, na mwalimu asiyejua lugha ya mtoto hamhukumu mtoto huyo mpaka watu wawili wamtafsirie, kila mmoja peke yake. Walimu wangu wananicheka kwa sheria hiyo. Wanasema Madam Esperansi hamwamini mtu. Wakati wote huo nilikuwa nikiamini kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu, na nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Turudi Nyamitanga. Mchana wake tulipewa matoke, nyama, mchuzi wa karanga, na eshabwe, ile samli nyeupe wanayoipiga watu wa Ankole, ambayo siku nyingine ningelamba sahani. Sikuweza kula. Nilimkuta Master Kamugisha peke yake barazani, sahani imejaa. "Eh, Madam Esperansi," alisema. "Umekuwa mtu mkubwa. Mimi nafurahi." Nikamuuliza ile habari ya mama kumwita mtoto kwa jina aliipata wapi.

"Si ile mama alisema? Siku ya wageni."

"Mimi sikuitafsiri, sir."

"Wewe hukusema, lakini mimi nasikia. Kiswahili ya Kongo nasikia vizuri kabisa. Mimi nimenunua ng'ombe na Wakongo miaka mingi."

Nilisimama nikimtazama anavyotafuna. Nikamuuliza kwa nini basi hakufanya kitu. Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mzito.

"Madam, kwa kitabu tuliandika kile wewe ulisema. Mimi naandika namna gani kitu hakuna mtu ametafsiri? Na wageni walikuwa pale. Wewe ulifanya kazi yako, mimi nilifanya yangu. Sasa leo hii hadithi inafundisha watu. Hiyo si vizuri?"

Nilitaka kumwagia mchuzi kwenye ile tai. Mtu huyu alisikia habari ya Baraka na kiatu chake. Aliisikia kwa masikio yake, katika lugha aliyoijua, na aliniangalia mimi, binti wa miaka ishirini na mbili niliyekuwa natetemekea mkate, nikimtengenezea sababu ya kutosikia. Kisha akaiweka akiba. Akaitunza mpaka dunia ikaanza kupenda habari za namna hiyo, akajitia ndani yake katika nafasi ya mtu mwema. Kipindi cha mchana kilipoanza nilinyoosha mkono. Nilipopewa kipaza sauti nikasema kwamba mtoto wa kisa cha asubuhi alifukuzwa shule, na kwamba mimi ndiye niliyetafsiri siku hiyo na nilitafsiri vibaya kwa kusudi. Master Kamugisha akatabasamu, akasema kumbukumbu za watu hutofautiana, hasa za waliopitia magumu. Mwenyekiti akasema muda umetubana, tukapige picha ya pamoja. Sikupiga picha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kwa Mama Neema. Tumekuwa tukisalimiana miaka yote hiyo sokoni na kanisani, na kila mara nilinunua unga wake hata nikiwa nao nyumbani. Alikuwa jikoni, kibanda cha matope chenye moshi, anasonga bugali ya muhogo. Neema alikuwa nje ya mlango anatwanga sombe, majani ya muhogo, mwanamke wa miaka ishirini na minne sasa, shingo ile ile, mtoto amelala mgongoni. Nilikaa kwenye kigoda nikasema yote: karatasi ya majina, yale niliyoyasema kwa Kiingereza, ule uongo wangu wa watafikiria, na Nyamitanga. Mama Neema hakuacha kusonga.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kizungu sikujua. Lakini nilisema mingi, na we ulitosha maneno kidogo mu kinywa. Nilikuwa naangalia kinywa yako. Mara moja tu, ukafunga." Akageuza bugali. "Nilisema, labda Kizungu ni fupi. Kisha ile siku bakamufukuza, we ulinipa maneno yabo mingi sana. Njo nikajua Kizungu si fupi."

Niliomba msamaha, na hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliipakua bugali kwenye sahani, akaifunika, akaketi mbele yangu na mikono magotini, yeye aliyekataa kiti siku ile.

"Sasa iseme," aliniambia. "Na Kizungu. Yote. Nataka nisikie ilikuwa murefu namna gani."

Nikaisema. Niliisema kwa Kiingereza, ndani ya moshi ule, kwa mwanamke asiyejua hata neno moja la Kiingereza: walinzi na filimbi, usinitafute, usiangalie nyuma, wale watu wanaoita watoto kwa sauti nzuri, Baraka na kiatu, munipige mimi, chuma cha zamani. Nje mchi ulikuwa umesimama. Nilikuwa nimesahau kwamba Neema alifika darasa la sita, na kwamba darasa la sita la Uganda ni Kiingereza mtindo mmoja. Nilipomaliza Mama Neema aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Njo vile." Neema aliinama mlangoni, jasho usoni, akanitazama.

"Njo hiyo tu?" aliniuliza.

"Ndiyo hiyo yote."

"Haikupita dakika mbili," alisema, akarudi kwenye kinu chake, akaendelea kutwanga.